Kwete ya Arua na Koboko: kimea, moto na vyombo vya mpikaji

Kwete ni pombe ya nafaka inayopikwa majumbani kote Nile Magharibi, pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Katika Arua, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, na huko Koboko, karibu na pale mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana, wapikaji wake walio wengi ni wanawake, na mapato yake hulipia karo na matibabu. Tangu zamani, majirani walioitwa kulima shamba la mwenzao walishukuriwa kwa mtungi wa pombe.

Kwete si waragi. Haipitishwi katika mtambo wa kukenekea. Huchachushwa tu, ikachujwa, ikanywewa. Ubora wake, na hata usalama wa mnywaji, huamuliwa mapema, katika nafaka, kimea na chombo, kabla pipa halijafunikwa.

Kimea ndio msingi

Nafaka kuu ya kwete ni mahindi, lakini unga wa mahindi peke yake hautoi pombe. Chachu hula sukari, nayo mahindi yamejaa wanga. Kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari hufanywa na kimea, ambacho aghalabu hutokana na ulezi, yaani wimbi.

Ulezi hulowekwa kwa muda wa siku moja, ukachujwa maji, kisha ukatandazwa na kufunikwa kwa majani au gunia bichi siku mbili au tatu mpaka uchipue. Punje inapoota, vimeng'enya vilivyo ndani yake huamka. Baada ya hapo kimea huanikwa juani hadi kikauke kabisa, ndipo husagwa. Kikisagwa kingali na unyevu hushika kuvu upesi.

Kimea hakitumiki kwa ulevi tu. Wapo wengi katika eneo hili, wakiwemo Waislamu wa jamii za Wanubi na Waaringa, wasiogusa kileo. Kimea hicho hicho kikitiwa katika uji wa moto wa wastani huufanya uwe mwepesi na mtamu, nao hunywewa kabla haujachachuka.

Siku ya upishi

Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa hadi uwe mchachu. Donge hilo hukaangwa katika sufuria pana au juu ya bati, huku likigeuzwa kwa mwiko bila kupumzika, mpaka liwe na rangi ya kahawia. Kukaanga huleta harufu na ladha ya kwete, na pia huulainisha wanga ili kimea kiweze kuufikia.

Donge lililokaangwa hulowekwa katika maji, na kimea hutiwa. Hapa mpikaji anahitaji uangalifu zaidi. Vimeng'enya hufanya kazi vizuri katika joto la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Maji yanayochemka huviua, na pombe huwa hafifu. Asiye na kipimajoto anaweza kukisia: maji yaliyotoka kuchemka yakichanganywa na maji ya mtungi kwa kiasi sawa hukaribia nyuzi 60.

Mchanganyiko ukishapoa, chachu inayotoka katika kimea chenyewe huanza kazi. Wengine huongeza kidogo pombe iliyotangulia ili kuharakisha. Povu likitulia baada ya siku moja hadi tatu, kwete huchujwa kwa kitambaa safi au gunia jembamba. Machicha hulishwa mifugo. Kwa kuwa chachu ingali hai, dumu lisikazwe kifuniko, maana gesi huweza kulipasua.

Vyombo

Vyombo vya msingi ni sufuria kubwa, mwiko mrefu, chujio na pipa au mtungi wa udongo. Kwa sababu kwete ina uchachu, haifai kukaa katika chombo cha shaba au cha bati lenye zinki, kwani asidi humumunya madini hayo. Chuma kisichoshika kutu, udongo uliochomwa vyema na plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula ndivyo bora. Pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya mitambo halisafishiki kwa sabuni wala kwa maji ya moto, lisitumike kamwe.

Hatari ilipo

Hatari isiyoonekana ni sumukuvu, sumu ya kuvu inayoota katika nafaka isiyokaushwa vyema. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga, kuchemsha na kuchachusha hakuiondoi kwa kiwango cha kuaminika. Ni kosa, kwa hiyo, kudhani kwamba mahindi yaliyooza yasiyofaa kwa posho yanafaa kwa pombe. Nafaka yenye kuvu itupwe, wala mifugo isipewe.

Hatari ya pili ni methanoli. Pombe ya nafaka iliyochachushwa huwa na kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo. Vifo vingi vya halaiki hutokana na vinywaji vikali vilivyotiwa methanoli ya viwandani. Mwaka 2010 makumi ya watu walifariki wilayani Kabale, na Agosti 2022 msiba wa kinywaji kikali ukazikumba Arua na Madi-Okollo. Anayeona ukungu machoni, kuumwa kichwa na kutapika baada ya kunywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana amelewa tu.

Kwa mpikaji wa nyumbani, kinga hugharimu kidogo: kuchambua mahindi kabla ya kusaga, kukausha kimea juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kutumia chombo cha chakula pekee, na kutoongeza kitu chochote ili pombe "ipande kichwani" haraka.