Mfalme Aliyeteka Nchi kwa Jina la Huruma

Ndugu msomaji, dhulma ikija na upanga mkononi, kila mtu huikimbia. Lakini ikija na maneno ya huruma, wengi huifungulia mlango. Tazama habari ya Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji.

Alizaliwa Brussels mwaka 1835, akatawazwa mwaka 1865. Nchi yake ilikuwa ndogo, naye alitamani sana koloni. Mwaka 1876 aliwaalika wasafiri na wataalamu wa jiografia katika kasri lake, akaunda chama, akatangaza kwamba nia yake ni kukomesha biashara ya watumwa Afrika. Watu wa chama hicho walipitia pwani yetu, na mwaka 1879 wakajenga kituo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Kufika mwaka 1885 mataifa makubwa yalikwisha kumtambua kuwa mwenye Kongo, nchi iliyoizidi Ubelgiji kwa ukubwa zaidi ya mara 70. Haikuwa koloni la Wabelgiji, bali milki yake yeye mwenyewe. Wala hakuikanyaga hata siku moja.

Tuseme kweli: biashara ya watumwa haikuwa uzushi, na wafanyabiashara wa pwani walikuwamo. Lakini mwaka 1887 mfalme huyu alimwajiri mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo, Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, awe wali wake Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Kisha, baina ya 1892 na 1894, majeshi yake yakapigana na Waarabu na Waswahili wa huko, naye akasifiwa Ulaya kuwa mkombozi.

Je, waliokombolewa walipata nini? Ulaya ilikuwa ikitaka mpira. Wanaume wakasukumwa msituni kuugema, na wake zao wakashikwa rehani mpaka kipimo kitimie. Askari walidaiwa mkono wa maiti kwa kila risasi waliyoitumia. Na wengine, ili hesabu itimie, walikata mikono ya walio hai. Dhulma moja ilifukuzwa, na nyingine ikaketi mahali pake.

Aliyeifichua hakuwa mfalme wala jemadari. Edmund Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli. Pale bandari ya Antwerp aliona meli zikitoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, nazo zikirudi zimebeba bunduki na risasi. Bidhaa za kuwalipa wenyeji hazikuonekana. Akafahamu kuwa watu wale hawalipwi chochote, akaanza kuandika. Mwaka 1904 taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza huko Kongo, ikathibitisha mateso hayo.

Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Kabla ya hapo aliamuru nyaraka zake zichomwe moto. Alikufa Desemba 1909, na jeneza lake likazomewa njiani.

Karatasi ziliungua, lakini habari haikuungua. Tarehe 30 Juni 2020, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais wa Kongo kueleza majuto yake kwa mateso ya zama zile.

Basi, ndugu yangu, ajaye kwako na maneno matamu ya kukuokoa, usiishie kuyasikiliza. Nenda bandarini ukatazame meli yake inaleta nini, na inaondoka na nini.