Madeni ya Muda Mrefu: Fahamu Ukomo wa Kisheria Kabla Haki Yako Haijapotea

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hata hivyo, si kila mdaiwa hulipa kwa hiari, na si kila mdai hukumbuka kuwa haki ya kudai mahakamani ina mwisho wake. Wananchi wengi hutunza mikataba na stakabadhi kwa miaka kadhaa wakiamini kuwa deni lenye maandishi haliozi. Wanapofika mahakamani huelezwa kuwa muda umekwisha, na shauri hufutwa bila hata ushahidi wao kusikilizwa.

Makala hii inaeleza kwa ufupi namna Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89 ya Sheria za Tanzania, inavyogusa madeni ya zamani, na hatua ambazo mdai na mdaiwa wanapaswa kuzichukua kabla ya muda kumalizika. Sheria hiyo inatumika Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake kuhusu jambo hili.

Muda wenyewe ni upi?

Sheria ya Ukomo wa Muda ilitungwa mwaka 1971, na jedwali lake limeainisha muda wa kufungua mashauri ya aina mbalimbali. Kwa madeni, mambo ya msingi ni haya:

• Deni linalotokana na mkataba, kama vile mkopo, mauzo ya bidhaa au malipo ya kazi ya ufundi: miaka 6.
• Madai ya fidia kwa madhara yasiyotokana na mkataba: miaka 3.
• Maombi ya kukaza hukumu ambayo mdai amekwishaipata mahakamani: miaka 12.

Baadhi ya madai yana muda wake maalumu chini ya sheria nyingine. Mfanyakazi anayedai malimbikizo ya mshahara, kwa mfano, hapaswi kuhesabu miaka 6. Migogoro ya kusitishwa ajira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kikazi ndani ya siku 60. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba Tume impokee nje ya muda na kutoa sababu za msingi za kuchelewa. Vilevile, madai yanayoongozwa na sheria za kimila yana kanuni zake za ukomo za mwaka 1964.

Muda huanza kuhesabiwa lini?

Muda hauanzi siku mkataba uliposainiwa. Unaanza siku haki ya kudai ilipozaliwa, yaani siku mdaiwa alipovunja ahadi yake ya kulipa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mbarali aliyemuuzia mfanyabiashara mpunga mwezi Machi 2020, kwa makubaliano ya maandishi kuwa fedha zote zilipwe ifikapo tarehe 30 Juni 2020. Tarehe hiyo ikapita bila malipo. Miaka 6 ya mkulima huyu inahesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia mwezi Machi, na inamalizika mwishoni mwa Juni 2026. Endapo siku ya mwisho itaangukia siku ambayo mahakama imefungwa, sheria inaruhusu shauri kufunguliwa siku mahakama inapofunguliwa tena. Hata hivyo, si busara kusubiri hadi siku hiyo, kwa kuwa hati ya madai yenye kasoro inaweza kukataliwa na muda wa kuirekebisha usiwepo.

Kwa deni linalolipwa kwa awamu, kwa kawaida kila awamu isiyolipwa huhesabiwa muda wake. Mikataba mingi ya mikopo huwa na kipengele kinachofanya deni lote lidaiwe mara moja mkopaji anapokosa kulipa awamu. Ni muhimu kusoma kipengele hicho, kwani ndicho kinachoweza kuonesha saa ilianza kugonga lini.

Barua na mazungumzo havisimamishi muda

Hapa ndipo wengi hupoteza haki zao. Mdai huandika barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mdaiwa huomba subira, huahidi baada ya mavuno, kisha baada ya sikukuu. Miaka inakatika. Mahakama ya Rufani imekwishaeleza kuwa mazungumzo baina ya pande mbili hayasimamishi muda wa ukomo. Barua ya madai ya wakili nayo haisimamishi. Kinachohesabika ni kufunguliwa kwa shauri mahakamani ndani ya muda.

Kifungu cha 3 cha Sheria kinaitaka mahakama ifute shauri lililofunguliwa nje ya muda hata kama mdaiwa hakuweka pingamizi. Kwa sababu hiyo, mdai asitegemee ukimya au uungwana wa mdaiwa.

Kinachofanya muda uanze upya

Sheria inatambua mambo mawili yanayofanya hesabu ianze upya. La kwanza ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi yenye saini yake au ya wakala wake. La pili ni mdaiwa kulipa sehemu ya deni.

Tukirejea mfano wetu, iwapo mfanyabiashara yule alilipa shilingi 500,000 tarehe 15 Januari 2023 kama sehemu ya deni la mpunga, miaka 6 inahesabiwa upya kutoka tarehe hiyo, na mkulima atakuwa na muda hadi Januari 2029. Lakini ni lazima athibitishe kuwa fedha hizo zililipwa kwa ajili ya deni hilo. Stakabadhi iliyoandikwa sababu ya malipo, taarifa ya benki au kumbukumbu ya muamala wa simu vinaweza kuamua hatima ya shauri. Ahadi ya mdomo pekee haitoshi.

Sheria pia inazingatia hali maalumu. Katika kuhesabu muda, huweza kuzingatiwa kuwa mdai alikuwa mtoto au mwenye maradhi ya akili haki yake ilipozaliwa, kwamba mdaiwa alikuwa nje ya nchi, au kwamba mdai alifichwa ukweli kwa udanganyifu. Muda ambao mdai aliutumia kwa nia njema kuendesha shauri hilohilo katika mahakama isiyo na mamlaka unaweza pia kuondolewa katika hesabu. Anayetegemea mojawapo ya sababu hizo anapaswa kuieleza ndani ya hati ya madai yenyewe.

Muda ukishapita

Mahakama inaweza kuongeza muda wa kukata rufaa au kuwasilisha maombi, lakini haina mamlaka hayo kwa shauri jipya la madai. Mamlaka hayo amepewa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya sheria, ambaye baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaweza, kwa sababu za haki, kuongeza muda usiozidi nusu ya ule uliowekwa. Kwa deni la mkataba, nyongeza hiyo haiwezi kuzidi miaka 3. Hiyo ni njia ya nadra, isiyopaswa kufanywa tegemeo.

Kupita kwa muda kunaondoa njia ya mahakama, lakini hakufuti deni katika dhamiri za watu. Mdaiwa anaweza kulipa kwa hiari. Aidha, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ahadi mpya ya maandishi iliyosainiwa ya kulipa deni lililopitwa na muda ni mkataba halali unaoweza kutekelezwa.

Kwa wanaoidai Serikali

Mzabuni au mkandarasi anayeidai Serikali, halmashauri, wakala au shirika la umma anapaswa kutoa notisi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kufungua shauri. Anayekumbuka deni lake miezi miwili kabla ya ukomo yuko hatarini. Notisi itolewe mapema, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa itunzwe.

Hatua za kuchukua sasa

Kwa mdai:
1. Orodhesha madeni yote na uandike tarehe ambayo kila moja lilipaswa kulipwa.
2. Hesabu siku ya mwisho ya kila deni, na ulipe kipaumbele lililobakiza chini ya mwaka mmoja.
3. Mwombe mdaiwa asaini hati ya kukiri deni yenye kiasi, tarehe na ratiba ya malipo.
4. Akikataa, fungua shauri. Suluhu inaweza kuendelea kutafutwa shauri likiwa mahakamani.

Kwa mdaiwa:
1. Omba mchanganuo wa deni kabla ya kulipa chochote au kusaini.
2. Tambua kuwa malipo madogo ya "kuonesha nia njema" yanaweza kuanzisha upya hesabu ya muda.
3. Usipuuze wito wa mahakama, hata kama unaamini muda umepita. Fika na ulieleze hilo.
4. Ukilipa, dai stakabadhi na uitunze.

Mwananchi asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria kwa watoa huduma na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Aende na nyaraka zake zote, na aende mapema, kwa kuwa mshauri wa sheria hawezi kurudisha tarehe iliyokwishapita.