Mstari wa 1886
Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania Bara, iliyotungwa 1964 na kurekebishwa 1979, hulitambua jengo la kale kwa umri. Likiwa limejengwa kabla ya 1886 linalindwa papo hapo, hata kama hakuna aliyewahi kuliandikia barua. Kwa vitu vinavyohamishika mpaka ni 1863, yaani takriban karne moja kabla ya sheria yenyewe. Lakini 1886 ni mwaka ambao Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mipaka ya kugawana Afrika Mashariki, zikimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10. Iwe watunga sheria walikusudia hivyo au la, nchi iliyokuwa imejitawala kwa miaka mitatu tu iliandika kwamba kale yake inakoma pale ukoloni unapoanza.

Madhara yake hayako Kilwa Kisiwani wala Kaole, ambako magofu yana karne nyingi. Yako Kalenga, mkoani Iringa. Ngome ambayo Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alianza kuijenga 1887, na ambayo Wajerumani waliibomoa kwa mizinga Oktoba 1894, imekosa ulinzi huo wa papo hapo kwa tofauti ya mwaka mmoja. Maeneo ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 yameachwa mbali zaidi. Mstari huu hauwapendelei wakoloni, maana Boma la Bagamoyo la 1897 nalo liko nje. Unachoacha ni kipindi kizima, na ndicho kipindi ambacho watu wa bara hili walipigania ardhi yao.

Wapo watakaosema waziri ana mamlaka ya kutangaza mahali popote kuwa pa kulindwa. Ni kweli, na tangazo lina nguvu: Kenya, ambayo mpaka wake wa vitu vya kale ni 1895, ilianza 1992 kuorodhesha misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, mahali pasipo na kuta ndefu za kuonyesha. Ila tangazo humsubiri mtu wa kuliomba. Kabla halijatoka, anayetaka kubomoa havunji sheria hii, na mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayetaka kuhifadhi.

Hoja nzito zaidi ni kwamba bila mwaka maalumu kila nyumba kuukuu itazua ugomvi, na mkandarasi hatajua aguse nini. Naikubali, mwaka lazima uwepo. Lakini sheria hiyohiyo inaonyesha kwamba si lazima uwe mmoja. Milango ya mbao na fremu zake, iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki, inalindwa hadi ile ya kabla ya 1940. Mlango hung'olewa ukutani ukauzwa, kwa hiyo unastahili mwaka wake. Ngome za vita, makaburi ya waliouawa wakipinga ukoloni na maboma ya utawala nayo yana hatari zake: shamba linalopanuka, barabara, bei ya kiwanja mjini. Kwa haya, mpaka unaofaa ni Desemba 1961, uhuru ulipopatikana, na Idara ya Mambo ya Kale ipewe watu na fedha za kuyapima, kwa sababu kazi itaongezeka kweli.