Kamera Iliyopanda Rwenzori

Mwaka 1906 msafara wa Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Italia ulifuata bonde la Mubuku katika milima ya Rwenzori, ukapiga kambi chini ya mwamba wa Bujongolo. Mpigapicha wake alikuwa Vittorio Sella. Wapagazi, wakiwamo Bakonzo, wenyeji wa milima hiyo, ndio waliobeba mizigo.

Kamera kubwa ya zama hizo haikufaa kitu bila vifaa vyake: stendi ya miguu mitatu, kitambaa cheusi cha kujifunika ili kuona taswira, na kasha lililokinga bamba la kioo lisiguswe na mwanga kabla ya wakati. Mvua na ukungu wa milima hii viliongeza kazi.

Picha za Sella zinaonyesha barafu ambayo sasa imepungua mno. Kilele kimoja cha Mlima Luigi di Savoia, ulio katika Rwenzori, kinaitwa Sella.

Leo wakusanyaji wa kamera za zamani kama hizo huhangaikia vitu vidogo vilivyopotea kwa urahisi: vifuniko vya lenzi, vichujio, makasha ya mabamba. Ukikuta vifaa kama hivi katika studio kongwe ya Kasese au Bwera, miji iliyo karibu na Rwenzori, shika bamba kwenye kingo, usilioshe, na uhifadhi vifaa vya ngozi mahali pakavu visiote kuvu.