Ukarabati wa gari-nyumba kwa maisha ya ustaafu

Gari-nyumba ni gari lenye injini yake, lililojengewa ndani vitanda, jiko, choo na bafu ili watu waishi humo popote linapoegeshwa. Nchini Marekani, lilikokulia, wako wastaafu wengi waliouza nyumba zao wakahamia humo moja kwa moja, majira yote ya mwaka. Wengi hununua gari lililokwisha kutumika, kwa sababu jipya huporomoka bei haraka katika miaka yake ya mwanzo, halafu hulipeleka kwa fundi au hujifunga kibwebwe wenyewe kulitengeneza upya.

Ugumu wa kazi hii una chanzo kimoja. Gari hilo lilibuniwa kwa ajili ya likizo: litumike wiki chache za kiangazi, kisha liegeshwe. Watengenezaji wengi huandika katika dhamana zao kwamba halikukusudiwa kuwa makazi ya kudumu, na kulihamia kabisa kunaweza kuifuta dhamana hiyo. Anayeishi humo mwaka mzima analitwisha kazi ambayo halikutengenezewa, tena katika umri ambao mwili wake mwenyewe unabadilika. Kwa hiyo mkarabati ana vitu viwili vya kutazama, gari linalozeeka na mtu anayezeeka ndani yake. Mafundi wengi huishia kwenye hicho cha kwanza.

Asili na aina

Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari lake la Touring Landau katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, likiwa na kiti cha nyuma kilichokunjuka kuwa kitanda. Lilikuwa gari la matajiri. Miishoni mwa miaka ya 1950 Ray Frank wa Brown City, Michigan, alijenga gari-nyumba kwa ajili ya familia yake, kisha akaanza kuyauza. Winnebago ya Forest City, Iowa, ilianza kuyatengeneza kwa wingi mwaka 1966, na bei ikashuka hadi watu wa kipato cha kati wakaweza kununua. Leo kitovu cha utengenezaji wa magari haya ni mji wa Elkhart, Indiana, na viunga vyake.

Wamarekani huyagawa katika madaraja matatu. Daraja A hujengwa juu ya chasisi tupu na huwa na umbo la basi. Daraja B ni gari la mfano wa Hiace ndefu, kama Mercedes Sprinter au Ram ProMaster. Daraja C huachiwa kabini ya gari la mizigo, kwa mfano Ford E-450, na juu ya kichwa cha dereva hutokeza kitanda. Daraja B huendeshwa kwa urahisi lakini ni finyu kwa wazee wawili wa kudumu, hivyo wengi huchagua A au C.

Gari moja la zamani linastahili kutajwa peke yake. GMC Motorhome, lililouzwa kati ya 1973 na 1978, lilitengenezwa magari karibu 13,000 tu, na bado lina wapenzi wanaolifufua kwa bidii. Injini yake ya V8 huzungusha magurudumu ya mbele, kwa hiyo hakuna propela shafti inayopita chini kwenda nyuma, na sakafu yake iko chini sana. Fremu ya bodi ni ya alumini, haiozi kama mbao. Vijana huliona zuri kwa umbo lake. Mwenye magoti mabovu hulipenda kwa sababu ya hatua moja fupi ya kuingilia.

Maji

Fundi anayeijua kazi hapotezi muda kwa makochi na mapazia. Anaomba ngazi, anapanda juu ya paa.

Mapaa mengi yamefunikwa mpira wa aina ya EPDM au TPO, uliogundishwa juu ya plaiwudi. Mpira wenyewe mara nyingi hauna tatizo. Maji hupenya palipotobolewa: kwenye kiyoyozi, kwenye tundu la hewa, kwenye bomba la kupumulia la tangi la choo, kwenye misumari ya ngazi ya nyuma, na pembeni paa linapokutana na ukuta. Gundi ya kuzibia iliyopakwa hapo kiwandani hukaushwa na jua ikapasuka, na ufa usioonekana vizuri kwa macho unatosha kabisa. Gari likiwa njiani hutikisika kutwa, ufa unafunguka na kufunga, na kila mvua inaacha kiasi.

Kuta za magari mengi ni matabaka yaliyogundishwa pamoja: faibaglasi nje, plaiwudi nyembamba, povu gumu katikati, ubao mwepesi ndani. Maji yakifika humo gundi huachia na faibaglasi huvimba kama lengelenge. Ukitaka kulipima gari, bonyeza kwa kidole gumba chini ya kona za kila dirisha, kisha sakafu iliyo karibu na mlango, kisha kona mbili za mbele za kile kitanda cha juu ya dereva kama gari ni la daraja C. Mbao nzima hukataa kidole. Iliyooza hubonyea, na huwa na uvundo ambao manukato ya muuzaji hayaufichi. Karatasi mpya ya ukutani iliyobandikwa sehemu moja tu ni jambo la kuuliza maswali.

Palipooza hapapakwi rangi. Hukatwa mpaka ifikiwe mbao kavu, pakaachwa wazi pakauke kabisa, ndipo pakatiwa mbao mpya na povu jipya. Juu ya paa gundi kuukuu hubanduliwa yote na kuwekwa ile maalumu inayojitandaza yenyewe. Silikoni ya kawaida ya dukani isitumike hapo: haishikani vizuri na mpira huo, na ikitoka huacha utando ambao gundi nyingine yoyote itaukataa. Baada ya hapo paa hukaguliwa angalau mara mbili kwa mwaka, maisha yote ya gari.

Hatari nyingine ya maji hutoka ndani. Watu wawili wakipumua, wakipika na kuoga katika chumba kidogo hutoa unyevu mwingi, na gesi ya jikoni nayo ikiungua hutoa mvuke. Usiku wa baridi mvuke huo hugeuka maji kwenye vioo na nyuma ya makabati, na ukungu huota. Ni kero ndogo kwa kijana wa likizo, lakini kwa mzee mwenye pumu ni ugonjwa. Feni za kutolea hewa bafuni na jikoni, nafasi ya hewa chini ya godoro na mashine ya kukausha unyevu huja kabla ya mapambo yoyote.

Katika magari yaliyojengwa kabla ya 1995 hivi, mabomba ya kijivu ya polibutilini yatolewe yote na kuwekwa ya PEX. Yale ya zamani hupasuka bila taarifa.

Uzito na matairi

Kila gari lina uzito wa juu ulioidhinishwa, na tofauti kati ya huo na uzito wake likiwa tupu ndiyo nafasi ya watu, maji na mali. Wastaafu huizidisha mara nyingi bila kujua, maana wanahamisha nyumba nzima. Tangi la maji safi la galoni 80, sawa na lita 300 hivi, likijaa peke yake ni kilo 300. Sakafu ya vigae na meza ya jiwe, ambazo picha za ukarabati huzisifu, hula matairi na breki. Dawa ni kwenda kwenye mizani ya malori gari likiwa limepakiwa kila kitu, na kupima kila ekseli.

Matairi ya gari-nyumba huchakaa kwa umri kabla ya kuisha gamba. Ubavuni mna namba inayoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 3218 ni wiki ya 32 ya 2018. Tairi la miaka saba linaweza kuonekana jipya na huku limepasukapasuka. Tairi la mbele likipasuka kwenye barabara kuu, ni dereva mwenye umri wa miaka 70 anayepambana na usukani wa gari la tani kumi.

Umeme

Vituo vya kuegesha Marekani hutoa umeme wa ampea 30 au 50. Tofauti ni kubwa kuliko namba zinavyoonyesha: ampea 30 ni wati 3,600, lakini ile ya 50 huja na nyaya mbili zenye moto na kufikisha wati 12,000, ndiyo maana huweza kuendesha viyoyozi viwili.

Nje ya vituo hivyo gari hutegemea betri, sola na jenereta. Betri za risasi na asidi hazifai kushushwa chini ya nusu ya chaji yake, na moja ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 30 hivi. Ya lithiamu ya kiasi hicho haifiki nusu ya uzito huo na hutumika karibu yote, ila isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, na chaja ya zamani ya gari lazima ibadilishwe iendane nayo.

Hesabu ya umeme ianze na afya, si televisheni. Mashine ya oksijeni ya nyumbani inayokula wati 300 kwa saa nane za usiku inahitaji wati-saa 2,400. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina kama 1,280. Mbili zitafika alfajiri kwa shida, na inveta nayo hula chake. Friji linalohifadhi insulini lazima likae kati ya nyuzi 2 na 8, na friji za gesi za mtindo wa zamani hupoteza ubaridi, hata kuharibika, gari likiegeshwa upande upande. Wengi huzitoa na kuweka za kompresa.

Mwili wa mkaaji

Hapa ndipo ukarabati mwingi unapokosea, kwa kuwa hufanywa na mtu wa miaka 62 aliye mzima kwa ajili ya mtu huyo huyo aliye mzima. Gari litakaa naye miaka kumi au zaidi.

Kitanda kiwe cha kuzungukwa pande mbili, ili anayeamka usiku asimruke mwenzake. Kile cha juu ya dereva kigeuzwe stoo. Bafu lenye kingo ndefu juu ya gurudumu hubomolewa, sakafu ikashushwa kadiri chasisi inavyoruhusu, na kuwekwa kiti cha kukunja. Vishikio havifungwi kwenye ubao mwepesi wa ukuta, maana vitang'oka siku vinapohitajika hasa. Ukuta hufunguliwa, ukatiwa mbao nene nyuma yake, ndipo skurubu zikaingia. Kama ukuta unafunguliwa kwa ajili ya kuoza, hiyo ndiyo nafasi ya kutia mbao hizo hata kama leo hakuna anayehitaji kishikio.

Dirisha la dharura lijaribiwe na wakaaji wenyewe. Liko juu ya kitanda, na nje yake ni zaidi ya mita moja na nusu hadi chini. Asiyeweza kupita hapo alale karibu na mlango. Vigunduzi vya gesi na vya kaboni monoksidi vina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa mgongoni, na vingi katika magari ya mitumba vimepitwa nayo zamani.

Anwani, bima na pesa

Asiye na nyumba bado anahitaji jimbo. Wengi hujiandikisha Texas, Florida au South Dakota, ambako hakuna kodi ya mapato ya jimbo na kampuni za kupokea na kutuma barua zimezoeleka. Bima ya gari lazima iseme wazi kwamba watu wanaishi humo. Medicare, bima ya afya ya serikali inayoanza kwenye miaka 65, hukubaliwa nchi nzima katika mfumo wake wa asili. Mipango mingi ya kampuni binafsi chini yake hufungwa na eneo, na huleta matatizo kwa msafiri.

Mwenye miaka 62 hununua kwa dola 80 kibali cha maisha cha hifadhi za taifa, ambacho hupunguza nusu ya ada ya kuegesha katika kambi nyingi za serikali. Jangwani Quartzsite, Arizona, eneo la La Posa huruhusu kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, na maelfu hupitisha baridi hapo. Vituo binafsi vingine havipokei gari lenye zaidi ya miaka kumi. Picha za ukarabati uliofanywa vizuri huwalegeza baadhi ya wenye vituo hivyo.

Si wote waliochagua maisha haya kwa hiari. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, wapo waliopoteza nyumba na akiba wakaingia katika magari kwa kukosa pengine, wakifanya vibarua vya msimu hadi uzeeni. Jessica Bruder aliwaandikia kitabu, Nomadland, mwaka 2017. Kwa watu hawa paa linalovuja si hasara ya mali tu, kwa sababu hawana nyumba nyingine ya kurudi.

Kuacha usukani

Jambo hili hupangwa mwanzoni, wakati wa kununua. Texas humtaka mwenye miaka 79 na kuendelea ahuishe leseni kwa kufika mwenyewe na kupimwa macho, na kuanzia 85 leseni hudumu miaka miwili tu. Gari linalozidi pauni 26,000 huhitaji huko leseni ya daraja la juu. Katika ndoa nyingi anayeendesha ni mmoja. Mwenzake naye afundishwe mapema, na uzito wa gari uchaguliwe kwa kumfikiria huyo.

Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Joe na Kay Peterson, kina kituo cha CARE mjini Livingston, Texas, kwa wanachama ambao umri au maradhi yamewazuia kusafiri. Wanaishi ndani ya magari yao wenyewe, wanapikiwa, wanasaidiwa usafi na kupelekwa kwa daktari. Si hospitali wala makao ya wagonjwa wa kitandani: anayepokelewa lazima aweze kujihudumia mambo ya msingi akiwa peke yake ndani ya gari, yaani kuingia, kutoka, kulala na kwenda chooni.