Maji ya Kibera Huishia Wapi

Sisi watu wa Nairobi tukichoka tunaota Malindi. Kaskazini ya mji ule, Mto Sabaki unapoingia baharini, kuna vilima vya mchanga, ndege kibao na watu wachache. Ukiona picha za huko unaanza kuhesabu nauli.

Kumbe maji yale ni jamaa yetu. Motoine unapita Kibera, unaingia Bwawa la Nairobi lililojengwa 1953, halafu unatoka ukiitwa Ngong na kukata Mukuru. Mto Nairobi nao unatoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita kando ya Kawangware. Yote inaishia Athi. Athi ukifika Tsavo unaitwa Galana, na karibu na bahari, Sabaki. Chupa ikianguka kwa mtaro Kibera, njia yake ni hiyo.

Mto huohuo una historia ya kufukuza watu. Mwaka 1914 Waingereza waliwaamuru Wagiriama wahame ukingo wa kaskazini wa Sabaki. Huko walilima na kuuza mahindi yao, kwa hivyo hawakuwa na haja ya kuwa vibarua kwa mashamba ya walowezi. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawaapisha wakatae. Alikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa mbali, Kisii. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Nyumba zilichomwa, watu wakasukumwa ng'ambo. Ni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ndipo waliruhusiwa kurudi.

Sasa kuja Mei 2024. Mafuriko yameua watu Nairobi, serikali inasema anayeishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke. Mathare na Mukuru, matingatinga yakaingia. Kila familia iliahidiwa shilingi 10,000. Sababu hazifanani, na hatari ya maji ilikuwa ya kweli. Lakini mara zote mbili mto uligeuzwa mpaka, na mwenye kubeba mzigo akawa maskini aliyeishi upande usiotakiwa.

Sabaki enda, ni pazuri. Mvua ikinyesha bara utakuta bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Na ukikutana na mzee wa Kigiriama, msalimie vizuri, kisha umuulize ukingo wa kaskazini ulikuwa wa nani.