Mwenye Kisima Anapofariki: Kibali cha Kurithisha Huduma ya Maji ya Familia katika Bonde la Kilombero

Mji wa Ifakara umekaa juu ya maji. Mto Lumemo unashuka kutoka Milima ya Udzungwa na kupita karibu na mji, Mto Kilombero uko kusini, na chini ya ardhi maji hupatikana kwa kina kifupi. Ndiyo maana kuwa na kisima hapa hakujawahi kuwa jambo la matajiri peke yao. Familia huanza na kisima cha mkono, ikafunga pampu, ikapandisha simtanki juu ya mnara wa matofali, na hatimaye ikatoa bomba nje ya uzio ili majirani wachote kwa malipo. Ikifika hapo, familia hiyo imekwisha kuwa mtoa huduma ya maji, iwe imejiandikisha au haijajiandikisha.

Makala hii inahusu siku ambayo mwanzilishi wa huduma kama hiyo anafariki au anazidiwa na uzee. Nani ana haki ya kuendelea kuvuta maji yale na kuyauza? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maji yenyewe hayarithiwi, ila huduma inaweza kurithishwa, tena inapaswa kurithishwa. Kibali cha kuirithisha kipime uwezo wa mrithi wa kuwahudumia watu, na kitafutwe mwanzilishi akiwa bado hai.

Kinachorithiwa na kisichorithiwa

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 haiachi shaka: maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye eneo anaweza kuchimba kisima cha mkono kwa matumizi ya nyumbani, lakini anayechimba kwa mashine au kuvuta maji ya biashara anahitaji kibali. Kwa wakazi wa Kilombero, mwenye mamlaka ya kibali hicho ni Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao makuu Iringa. Bodi ina kila sababu ya kuwa makini, kwa kuwa bonde dogo la Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji ya Mto Rufiji, ambayo sasa yanategemewa na Bwawa la Julius Nyerere.

Ukiacha ruhusa ya kuvuta maji, kuna udhibiti wa kuyauza. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na chini yake vikawekwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Mamlaka za maji za mijini zinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa upande wa bei na ubora. Mfumo huu umejengwa ukiwatazama zaidi watoa huduma wa umma na wa jamii. Familia inayouza maji kwa mtaa mmoja inabaki katikati: biashara yake ni kubwa mno kuitwa matumizi ya nyumbani, na ni ndogo mno kuitwa mamlaka.

Upande wa pili iko mahakama. Familia nyingi hufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, ambako hutumika sheria za kimila au za Kiislamu. Kwa kanuni za mwaka 1971, msimamizi wa mirathi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, kisha hesabu za ugawaji kwa Fomu Na. VI. Kwenye orodha hiyo kitaandikwa kiwanja, pampu, simtanki na pengine pikipiki. Kaya zinazotegemea bomba lile haziandikwi popote, maana si warithi wala si wadai. Hakimu anawajua warithi lakini hakijui kisima. Bodi ya Bonde inakijua kisima lakini haiwajui warithi. Na kati ya ofisi hizo mbili hakuna karatasi inayotembea.

Bomba linapofungwa

Pampu husimama kwa sababu ndogo ndogo. Namba ya mita ya Luku imo kwenye simu ya marehemu, na simu ina nywila. Daftari la wanaolipa mwisho wa mwezi limefungiwa kabatini, na ufunguo hauonekani. Fundi aliyezoea kuitwa na mzee anataka kujua nani atamlipa safari hii. Mtoto mmoja anaishi Dar es Salaam na anataka eneo liuzwe. Mwingine anaona bei ya dumu imekuwa ndogo kwa miaka mingi. Mama, ambaye ndiye amekuwa akifungua bomba kila alfajiri, anaambiwa asubiri kikao cha ukoo.

Wakati kikao kinasubiriwa, watu wanarudi mtoni. Ifakara inajua gharama ya safari hiyo. Mwaka 1997 mji ulipigwa na kipindupindu, na watafiti waliowalinganisha waliougua na wasiougua waligundua kwamba miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ni kuoga mtoni, kuishi mbali na chanzo cha maji na kula samaki wakavu. Mawili kati ya hayo matatu yanahusu moja kwa moja umbali wa bomba. Mzozo wa mirathi unaofunga bomba la mtaa katika msimu wa mafuriko, wakati vyoo vya shimo vimejaa na visima vifupi vimechafuka, ni suala la afya ya umma. Hauwezi kuachiwa wanandugu peke yao.

Mifano ya kujifunza

Afrika Mashariki ina uzoefu wa muda mrefu wa kurithisha usimamizi wa maji. Katika miteremko ya Kilimanjaro, mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, ulihesabiwa kuwa wa ukoo wa aliyeuanzisha, na uongozi wake ulipita kwa wazao wake. Lakini urithi ule ulikuwa na masharti. Watumiaji waliitwa kuzibua na kukarabati, zamu za maji zilipangwa hadharani, na asiyeshiriki kazi aliadhibiwa au kunyimwa zamu. Aliyerithi mfongo alirithi wajibu mbele ya watu wanaomjua kwa jina. Sheria ya 2009 inatambua haki za kimila za maji, kwa hiyo fikra ya urithi wenye wajibu si ngeni hata kwa sheria zetu za sasa.

Ifakara kwenyewe kuna somo la aina nyingine. Taasisi ya MSABI, ambayo kirefu chake ni Maji Safi kwa Afya Bora Ifakara, ilianza kazi mwaka 2009 kwa kuchimba visima vya gharama nafuu na kufunga pampu za kamba. Baadaye ilianzisha mpango ambao watumiaji huchangia mara kwa mara na fundi huja pampu inapoharibika. Mpango huo unatuonyesha kwamba uhai wa kisima hutegemea matengenezo yaliyopangwa na kulipiwa kabla ya kuharibika. Mrithi asiye na mpango huo hana huduma ya kurithi, hata akiwa na hati zote.

Huko Marekani, jimbo la California lina makampuni mengi madogo ya maji, yakiwamo ya familia. Tume ya Huduma za Umma ya jimbo hilo huyapanga kwa ukubwa, na kundi la chini kabisa ni la wenye wateja wasiofika 500. Mtu hawezi kushika usukani wa kampuni ya maji bila idhini ya Tume, na swali kubwa linaloulizwa ni kama wateja watabaki salama baada ya mabadiliko. Wadogo hupewa njia fupi ya maombi ili gharama ya kibali isizidi thamani ya huduma yenyewe.

Pingamizi na majibu yake

Wapo wanaosema jitihada hizi hazina maana, kwa kuwa miradi ya umma kama ule wa Kiburubutu itafikisha maji ya bomba mjini na visima vya familia vitakufa vyenyewe. Miradi hiyo inastahili kuungwa mkono bila kusita. Hata hivyo, historia inatufundisha tahadhari: mpango wa miaka 20 uliozinduliwa mwaka 1971 ulikusudia kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991, na lengo halikufikiwa. Mtaa hauwezi kukaa na kiu ukingoja mtandao ukamilike.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: je, kutambua urithi si kukabidhi maji ya umma kwa koo? Ingekuwa hivyo kama kigezo kingekuwa damu. Kigezo cha uwezo kinafanya kinyume chake. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, linalotumika kwa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, linamweka mjane na mabinti nyuma katika mirathi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliikosoa Tanzania kwa kanuni hizo. Mdhibiti akiuliza nani anaweza kuendesha pampu, kutunza hesabu na kuweka klorini ipasavyo, mara nyingi jibu litakuwa yule mama wa alfajiri, hata kama kikao cha ukoo kimemsahau.

Wengine hushauri familia isajili kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), kwa kuwa kampuni haifi. Ushauri ni mzuri kwa wanaoumudu, lakini hisa nazo hurithiwa, na mwendeshaji anaweza kubadilika bila mtaa kujua.

Kinachopaswa kufanywa

Wizara ya Maji, EWURA, RUWASA na Bodi ya Bonde zinaweza kuanza na utaratibu mwepesi. Mwanzilishi amtaje mwendeshaji atakayemfuata kwa fomu ya ukurasa mmoja, nakala ikae ofisi ya serikali ya mtaa. Akifariki, msimamizi wa mirathi apate kibali cha muda papo hapo, kwa sharti kwamba bomba halifungwi na bei haipandi hadi mirathi ifungwe. Kibali kamili kitolewe baada ya kuona majibu ya maabara ya ubora wa maji, daftari la mapato na matumizi, mpango wa matengenezo, na baada ya majirani kusikilizwa. Mahakama nayo iongeze mstari mmoja kwenye orodha ya mali: je, marehemu alikuwa akitoa huduma ya maji kwa watu wengine?

Hayo hayahitaji bajeti kubwa wala taasisi mpya. Yanahitaji kanuni moja na uamuzi wa kuunganisha faili za mahakama na faili za bonde. Na wazee wa Ifakara, Mlimba na Mang'ula wenye visima vinavyolisha mitaa wasingoje kanuni hiyo: waandike leo nani ataendesha pampu kesho, na wamwonyeshe daftari lilipo.